Tope la Wenbrook

Tangu siku aliyoshuka kwenye mkokoteni mbele ya nyumba ya watawa ya Wenbrook, Renouf alijua kwamba hatapapenda. Alikuwa kijana bado, ametoka ng'ambo ya bahari, huko Normandi ya Ufaransa, kwenye abasia ya Mtakatifu Aubert, yenye watawa wengi hata wakiimba vioo vya madirisha hutetemeka. Abasia hiyo ilikuwa na mashamba Uingereza, na sasa alitumwa akasali na kuchunga mali kule. Alitazamia kukuta angalau kivuli cha alikotoka. Alichokuta ni kanisa dogo la mawe, zizi la kondoo, tope mpaka kizingitini, na mzee mmoja tu, Padre Ansgot, mkuu wa nyumba isiyo na wa kuongozwa.

"Karibu, mwanangu," mzee alimwambia kwa Kinormandi. "Zaburi huimbwa kwa kupokezana. Mpaka jana nilikuwa najipokea mwenyewe."

Miaka ikapita, na Renouf hakuzoea. Mvua ya Wenbrook haikupiga ikaisha kama mvua za watu. Ilikaa tu angani kama mgeni asiyejua kuaga. Kila yalipofika majira ya matofaa aliikumbuka bustani ya nyumbani kwao, mama yake akiokota matofaa kwenye nyasi, na chakula akakiacha mezani.

Ng'ambo ya kijito aliishi mjane mmoja, Hawise, aliyewafulia watawa na kuwapikia pombe ya shayiri. Kiingereza Renouf alikijifunza kwake, kwa kuchekwa.

"Umesema unataka nini, Bruda?"

"Nimesema naomba mkate."

"Umesema unaomba mke! Haya, ngoja nikanawe uso."

Renouf aliiva kwa haya mpaka masikioni, na Hawise akacheka hadi akalishikilia beseni lisimwanguke.

Padre Ansgot alipofariki, abasia haikuleta mwingine. Renouf akabaki peke yake na kondoo. Jioni ya kwanza baada ya mazishi aliimba mstari wa kwanza wa zaburi, akanyamaza, maana ndipo mzee alipokuwa akipokea. Kisha, kutoka nje ya dirisha, sauti nzito ya mwanamke ikaupokea mstari wa pili. Ni Hawise, aliyekuwa akianua nguo. Kilatini hakukijua hata neno. Maneno yake yalikuwa vurugu tupu. Lakini wimbo wenyewe aliushika barabara, kwa kuusikia miaka yote hiyo akikamua nguo. Renouf akaimba mstari wa tatu. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi, naye hakuthubutu kumuuliza wala kumshukuru, akihofia asije akaacha.

Kisha vita kati ya Uingereza na Ufaransa vikapamba moto. Meli za Wafaransa zikachoma miji ya pwani, na watu waliokuwa wakimsalimu Renouf njiani wakaanza kutazama pembeni. Siku moja baada ya misa mjumbe wa mfalme alisimama mlangoni mwa kanisa akatangaza kwamba watawa wote waliotoka nchi ya adui waondoke kabla ya Kwaresima, wasije wakawa wapelelezi.

"Huyu?" Hawise alisema mbele ya kijiji kizima. "Huyu hata kondoo wanamshinda akili! Atampeleleza nani?"

Watu wakacheka, hata mjumbe akatabasamu. Lakini amri ni amri.

Hawise alimsindikiza hadi kivukoni, akiwa amembebea jibini kwenye kitambaa.

"Si ulikuwa ukilia kwenu, kwenu, kila mwaka? Haya nenda."

"Naenda."

"Basi nenda. Mbona umesimama?"

"Nasubiri uniage."

"Sikuagi mimi. Mtu akiagwa harudi." Akamsukumia jibini kifuani, akageuka, na aliporudi njiani alitembea upesi kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Renouf alifika nyumbani. Mama yake alikuwa amekufa zamani, na watoto wa kaka yake walimtazama kama mwombaji aliyepotea njia. Alikula matofaa ya bustani ile. Yalikuwa matamu kweli. Kumbukumbu haikumdanganya hata kidogo. Akayala yote, akabaki amekaa kwenye nyasi bila kujua kwa nini moyo ulikuwa mzito vile vile.

Abasiani watawa vijana walimwita "Mwingereza", kwa sababu Kinormandi chake kilikuwa kimeota kutu. Kwenye kwaya sauti mia zilipokea mstari wake, safi, kwa Kilatini kisicho na kosa, naye alijikuta akitega sikio kuelekea dirishani. Mara mbili alimwomba abati, mkuu wa abasia, amrudishe Wenbrook.

"Urudi kwa nani?" abati alimuuliza. "Mfalme wao ameshaigawa ile nyumba. Wanasema paa limeezuliwa na kondoo wamechukuliwa. Hapa ndipo kwenu, Bruda. Tulia."

Akatulia, kwa nje.

Akawa mzee. Mwaka mmoja askari walimleta kwenye chumba cha wagonjwa mpiga mishale wa Kiingereza waliyemteka, jeraha la paja limemtia homa. Jina lake Uthred. Hakuna aliyemwelewa, basi Renouf akaitwa. Alikuja akijikongoja, akaketi kando ya kitanda.

"Wewe ni wa Wenbrook?"

"Wen-nini?" Uthred alikuwa wa kaskazini ya mbali, Kiingereza chake kilikwaruza kama gurudumu lisilotiwa mafuta, na Renouf alikamata nusu tu. "Sijapasikia hapo, babu."

Renouf alimfunika blanketi vizuri. Baadaye akauliza, "Kwenu kunanyesha?"

"Kunanyesha! Babu, kwetu mvua ikikatika tunakimbilia kanisani, tunadhani kiama."

Renouf alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamshuka, na yaliposhuka hayakukoma, mpaka Uthred akaingiwa na wasiwasi, akajiinua kwa kiwiko.

"Nimekukosea, mzee?"

"Hapana. Endelea kusema."

"Niseme nini?"

"Lolote. Hata ukinitukana, nitukane. Ila kwa Kiingereza."

Uthred alimtazama usoni kuona kama anataniwa. Kisha akajilaza, akavuta pumzi, akaanza kumtukana taratibu, kwa ufundi, tusi moja likizaa jingine, na Renouf akafumba macho akisikiliza.