Noti ya Chini

Bendi ilipomwita mpiga kinanda wake Mhandisi haikukusudia kumsifu. Jina hilo alilipata siku alipoingia mazoezini na kishikwambi mkobani, akatangaza kwamba kinanda kikubwa, ambacho kwa miaka mingi kilipandishwa ngazi na watu wawili wenye kutukana, kimestaafu. Tangu hapo sauti zote zingetoka katika programu iliyomo ndani ya kishikwambi, naye angezicheza kwa kibao chembamba cha vibonye, kisicho na sauti yake chenyewe, kilichounganishwa kwa waya. Alizieleza faida za mpango huo kwa ufasaha wa mtu anayejua kwamba faida kubwa kuliko zote ni mgongo wake mwenyewe.

Kishikwambi kilikuwa dhaifu, tena kimetumika. Maisha yake ya awali kiliyamaliza katika duka la vipuri kikitunza hesabu za nati. Kukitaka kiige ogani na piano mbele ya hadhira kulikuwa ni kukionea. Mhandisi alikizimia mtandao, akakifutia kila kisichohusu muziki, akakichomoa kwenye chaji kwa sababu chaji ilileta mvumo katika spika, na mgongoni akakiwekea kitambaa kibichi ili kisichemke. Kiongozi wa bendi, ambaye ndiye mpiga ngoma, aliuliza saa za kumtembelea mgonjwa.

Hata hivyo kilikwaruza. Kila kilipobebeshwa noti nyingi kwa pamoja, spika zilitoa mlio wa karatasi ngumu ikichanwa. Dawa ilikuwamo katika mipangilio ya programu: kupunguza idadi ya noti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja. Mhandisi aliipunguza hadi sita. Ya saba ikibonyezwa, programu huinyamazisha ile iliyotangulia kuliko zote, hata kama kidole bado kimeikandamiza. Aliyasoma maelezo hayo, akayaelewa, kisha akajiambia kwamba katika kelele za sherehe hakuna atakayegundua.

Alikuwapo mmoja ambaye hangekosa kugundua, naye alikuwa dada yake.

Dada yake, ambaye bendi nzima ilimwita Mama Bendi, ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu. Nusu ya umri wake aliimaliza amesimama kando ya matoazi ya ngoma, na sasa sikio la kushoto lilikuwa limekufa na la kulia linafifia. Siri hiyo aliijua mdogo wake peke yake, na wao wawili walikuwa wameitafutia njia. Wimbo wa kufungulia ulianza taratibu, kwa sauti yake na kinanda tu. Mhandisi alibonyeza noti moja ya chini kabisa, akaishikilia hadi mwisho wa ubeti, huku mkono wa kulia ukipamba juu yake. Mama Bendi alivua viatu. Noti ilipita katika mbao za jukwaa, ikapanda nyayoni, naye akasimama juu yake kama wengine wanavyosimama juu ya sakafu, sauti yake isipotee. Watazamaji walidhani kuvua viatu ni madaha.

Onyesho la kwanza la kishikwambi lilikuwa sherehe ya kumuaga mkurugenzi wa kiwanda. Mhandisi alishika noti ya chini. Mkono wa kulia, kwa mazoea, ukaanza kurundika noti nyingine, na katikati ya ubeti ile ya chini ikatoweka. Kidole chake kilikuwa palepale. Alimwona dada yake akiitazama miguu yake mwenyewe. Kisha sauti ya dada ikaanza kushuka, polepole, kwa uhakika wote wa mtu asiyejua kwamba anashuka, hadi gitaa lilipoingia na kuonyesha amefika umbali gani. Wageni walizitazama sahani zao. Mkurugenzi alipiga makofi, maana ni yeye aliyekuwa akiagwa.

Baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, kiongozi alizungumza kwa adabu ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Alisema sauti ni kama goti, huchoka bila kuomba ruhusa. Kwenye onyesho litakalofuata, wimbo wa kufungulia ungeanzishwa na mwitikiaji, msichana ambaye Mama Bendi mwenyewe alimfundisha, na akifaulu angeachiwa nyimbo zote. Mama Bendi alikubali kwa kichwa. Mhandisi alikuwa akikunja waya, na aliukunja kwa uangalifu ambao waya haukuustahili.

Walipokuwa wakirudi nyumbani dada yake alimshika mkono.

"Mdogo wangu, niambie kweli. Nilipotea mimi?"

"Ulichoka tu, dada."

"Sikuipata miguuni. Kwa hiyo hata miguu imeanza."

Mhandisi alipomtembelea dada yake kesho yake alimkuta amezamisha miguu katika beseni la maji ya moto, akivibana vidole kimoja kimoja kama anayechagua nyanya. Dada alimtania kwamba akikosa kazi ya kuimba atatafuta ya kukanyaga udongo. Mhandisi alicheka pale alipopaswa kucheka. Utetezi wake ulikuwa tayari: hawezi kueleza kosa la noti bila kueleza kwa nini noti ile ilihitajika, na siri ya sikio si yake. Ulikuwa utetezi mzuri. Kasoro yake ilikuwa kwamba alikuwa ameiweka siri ya dada yake mbele ya siri yake mwenyewe, kama mtoto anayesukumwa mlangoni kumwambia mgeni kwamba baba hayupo.

Mazoezini, Mama Bendi alimwonyesha msichana mahali pa kuvuta pumzi. Msichana alisikiliza, kisha akainama na kuvua viatu, kwa kuwa ndivyo alivyoona ikifanywa.

"Vaa tu, mwanangu," Mama Bendi alisema. "Hilo halitakusaidia. Hata mimi limeniacha."

Hapo Mhandisi aliinua mikono kutoka kwenye vibonye.

"Dada, njoo uweke kiganja kwenye spika."

Aliweka. Mhandisi alishika noti ya chini, kisha kwa mkono wa kulia akaongeza nyingine, moja baada ya moja. Ilipoingia ya saba, Mama Bendi aliondoa kiganja na kukitazama. Halafu akakitazama kidole cha mdogo wake, ambacho hakikuwa kimesogea.

"Si miguu yako," Mhandisi alisema. "Ni mimi. Nilikipunguzia noti ili kisikwaruze."

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua kabla ya siku ile."

Kiongozi hakuwa mjinga. Aliuliza kwa nini mwimbaji mwenye masikio mawili ahitaji kusikia kwa nyayo. Mhandisi alikuwa amekwisha kulitoa lile aliloombwa kulificha, na hapakuwa na namna ya kulirudisha. Mama Bendi ndiye aliyejibu. Alisema sikio la kushoto halipo na la kulia linaaga, na kwamba, ikiwa kuna mwenye swali lingine, aje upande wa kulia.

Hakuna aliyekuja. Kiongozi alisema kinanda kikubwa kitolewe stoo, wimbo uimbwe mara moja, ndipo aamue. Mpiga gitaa alisimama ili asaidie.

"Mwache abebe," Mama Bendi alisema.

Mhandisi alikibeba peke yake, akisimama kila pembe ya ngazi kuegemea ukuta, na hapakuwa na aliyemcheka. Alikiunganisha, akashika noti ya chini. Mbao zilitetemeka. Dada yake alivua viatu, akaimba ubeti wote bila kushuka hata unywele mmoja, na kiongozi akazishika fimbo zake kwa wimbo wa pili.

Kwa miaka yote Mama Bendi alikuwa akimtazama mdogo wake kabla ya kuanza, kuhakikisha noti ipo. Siku ile hakumtazama; aliitazama sakafu.