Sufuria ya Majembe Ishirini

Sufuria niliyoshuka nayo kwenye lori pale Murangi ilitosha kumwogeshea ndama. Usinicheke. Miaka mitatu maduka ya Musoma yalikuwa na rafu tupu. Bidhaa ziliporudi, nilitoa mbuzi wangu wawili nikachukua kubwa kuliko zote.

Sababu nilikuwa nayo. Marehemu mume wangu aliniachia shamba, na ukoo ukanipa msimu mmoja tu: lisipolimwa lote kabla ya mvua, linakwenda kwa shemeji yangu Clementi. Peke yangu nisingeliweza. Kwetu mwenye shamba huita watu wamlimie, naye huwapikia pombe. Nikaita majembe ishirini.

Mama mkwe wangu, Nyamburi, aliizunguka sufuria ile kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Akauliza nina kimea kiasi gani. Debe moja, nikamjibu. Akanionyesha chungu chake cha zamani, cha kutosha watu kumi.

"Dafroza, chungu kinapimwaga kwa kimea, si kwa midomo."

Nikajisemea moyoni kwamba bibi huyu anakionea wivu kitu kipya. Mungu anisamehe. Nilipika uji, nikautia kimea, na kila nilipochungulia nikakuta sufuria haijafika hata nusu, niliongeza maji. Ile nafasi tupu ndiyo iliyonitia aibu. Ladha sikuifikiria kabisa.

Siku ya kulima walikuja wote ishirini. Saa nne wakapumzika kunywa. Masatu, kiongozi wa safu, alionja, akafuta mdomo, akakilaza kibuyu chini. Jambo hilo si tusi kwetu: pombe ikiwa nyepesi, watu hulima hadi nguvu yake inapoishia, kisha huaga kwa heshima. Wakaanza kufuta majembe kwa majani. Nusu nzima ya shamba ilikuwa bado nyasi. Nikakaa chini kando ya sufuria.

Clementi alikuwa amesimama mpakani tangu asubuhi, mikono kifuani. Sasa alikuja, akachota, akaonja, akacheka. Alisema maji ya ziwa angeyanywa bila kuitwa.

Nyamburi aliinuka, akaokota jembe, akamwendea mwanawe na kumtia mpini mkononi.

"Mwaka wa njaa nilikulea kwa uji mwepesi kuliko pombe hii," alisema taratibu. "Ulikunywa. Hukucheka."

Masatu alitazama nyasi, akamtazama yule mama, kisha akarudi kwenye safu. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hatimaye Clementi akavua viatu, akaingia mwisho wa safu, akalima kwa nguvu kuliko wote.

Niliutazama mgongo wake ukiinama na kuinuka. Sikujua kama analima shamba langu au lake.