Kiingilio cha Mlima Shuka

Kitu cha kwanza alichokiona Tabitha ni mashimo. Yalikuwa mengi, membamba, yamefuatana ukingoni mwa lami kutoka kwenye kalavati mpaka juu ya mlima. Hayakuwa mashimo ya miche. Shimo la mkorosho huchimbwa pana, udongo wa juu ukawekwa upande huu na wa chini upande ule. Haya yalichimbwa na mtu asiyetaka kitu kiote. Tena yalipita palepale miguu ya watu ilipokuwa imezoea kukanyaga wakati wa kusukuma.

Mlima huo uko kwenye barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, na watu wanauita Shuka, kwa sababu mwenye mzigo haupandi bila kushuka kwenye baiskeli. Ukija na gunia la korosho au la mkaa, unafika kwenye kalavati, unashuka, unapiga kengele mara moja. Aliye karibu ananyanyuka. Akiwa anapepeta ufuta anaweka ungo chini. Akiwa ananyonyesha anampa mwenzake mtoto. Anakuja, anaweka kiganja nyuma ya mzigo, anasukuma mpaka juu. Hakuna malipo. Hata asante hakuna. Ukishukuru, watu wanakutazama kama vile umeaga moja kwa moja na hutapita tena. Unanyanyua mkono wa kushoto bila kugeuka nyuma, unaondoka. Kesho utasukuma wewe.

Kaka yake Tabitha, Eusebio, ndiye peke yake aliyekataa kushuka. Baba yao alipofariki alimwachia baiskeli nzito ya chuma, akawa anapeleka mkaa mjini. Akifika mlimani alibaki kitini, ananyonga pedeli mpaka mishipa ya shingo inasimama, na mama yuko nyuma, kiganja kimetulia chini kidogo ya kiuno cha mwanawe. Tabitha aliwafuata amekumbatia jiwe, ili wakishindwa aliweke kwenye tairi baiskeli isirudi. Ilikuwa miaka ileile aliyoacha shule, akiwa darasa la tano. Shuleni mwalimu alikuwa akimuuliza jibu analolijua, na jibu lilikuwa linafika kwenye meno, linakaa hapo.

Wakatokea watu wakamwona Eusebio, wakampeleka Arusha. Kutoka Arusha timu moja ya mbio za baiskeli ya nje ya nchi ikamchukua. Sasa alikuwa anarudi, kwa mara ya kwanza, akiwa na baiskeli nyepesi ambayo mtu unaweza kuinyanyua kwa kidole, kwenye mbio ambazo zingepita mbele ya mlango wa mama yake.

Mashimo yaliwekwa nguzo, na nguzo zikafungwa wavu mweusi, ule wa kufunikia vitalu vya miche, mrefu kuliko mtu. Nyumba zote za mlimani, na ya mama ikiwemo, zikabaki nyuma ya wavu. Ndani, kandokando ya lami, zikapangwa mahema na viti vya plastiki. Aliyesimamia kazi hiyo ni Rogath, kijana kutoka Dar es Salaam ambaye miwani yake ya jua haikuvuliwa hata kivulini. Waandaaji wa mbio walimtuma aje auze mlima.

"Mpira una kiingilio," aliwaambia watu kwenye mkutano wa kijiji. "Ngumi zina kiingilio. Baiskeli dunia nzima watu wanasimama barabarani wanaangalia bure. Ndiyo maana timu zinakufa na vijana hawalipwi. Sisi tunaanza. Na hapa mlimani ndipo penyewe, kwa sababu hapa hawakimbii, unamwona mtu mpaka jasho."

Mzee Abdalah, ambaye shamba lake lilipakana na kalavati, akasimama. "Barabara ni ya serikali. Jua ni la Mungu. Macho ni yangu. Wewe unaniuzia nini?"

"Macho ni yako, mzee wangu," Rogath akajibu. "Wanaoonekana ndio wetu."

Watu wakacheka. Mzee Abdalah mwenyewe alicheka, akaketi. Wakishacheka hivyo, neno limekwisha.

Tabitha hakucheka, lakini hakuweza kuchukia pia. Lile la vijana kutolipwa lilikuwa kweli. Eusebio alikuwa amekimbia msimu mzima huko nje, kila akiuliza mshahara anaambiwa asubiri. Kwenye simu alikuwa amemwambia mama: nikiwa wa kwanza kuingia Ruangwa wananiongezea mkataba, nisipokuwa wa kwanza, mniwekee ile baiskeli ya mkaa vizuri. Alisema kama mzaha. Mama siku hiyohiyo akaitoa baiskeli uani na kuipaka mafuta, akasema chuma kikikaa kinaoza, si kwa sababu nyingine.

Rogath akatafuta mtu wa kufunga watazamaji utepe wa plastiki mkononi, alama ya kwamba wamelipa. Wasichana wenye maneno walijaa. Akamchagua Tabitha, aliyekuwa amesimama nyuma.

"Huyu. Haongei. Anayeongea sana ataongea na ndugu zake, ndugu wataingia bure." Kisha akamwambia taratibu, "Sista, sikia. Ukimpitisha ndugu, unaondoka naye."

Vidole vya Tabitha vilikuwa vyepesi. Msimu wa korosho alishona midomo ya magunia ghalani. Alikubali kwa kichwa. Jioni Eusebio alipopiga simu kutoka Nachingwea, mama akamwambia kwamba Tabitha yuko getini.

"Basi rahisi," Eusebio akasema. "Hata hela msitafute. Mama afike, Tabi ataje jina langu tu. Wananijua."

Siku ya mbio watu walianza kuja jua likiwa bado halijachoma. Walikuja maofisa wa Ruangwa na wake zao, wanunuzi wa ufuta, walimu wachache waliochanga. Kiingilio kilitosha kununua jogoo. Watu wa mlimani walibaki nyuma ya wavu wameubandikia nyuso, na kwa ndani walionekana kama vivuli vya watu. Watoto walipanda mikorosho, wakashushwa.

Mama alikuja amevaa kitenge cha harusi ya dada yake wa Nambilanje, amejifunga kilemba. Mikononi hana kitu. Felisian, mlinzi wa geti aliyeletwa kutoka Nachingwea, akaishika kamba.

"Shikamoo mama. Tiketi."

"Marahaba. Mimi ni mama yake Eusebio. Mwanangu anapita hapa leo."

"Aah, mama. Leo kila mtu mwanawe anapita. Yule Mzungu mwenye ndevu nyekundu ameshapata mama wawili hapa tangu asubuhi."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mama naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, akamtazama Tabitha. Alimtazama kama mtu anayefunua chungu aone kama kimeiva.

"Sista," Felisian akauliza, akiwa bado anacheka, "unamfahamu huyu?"

Foleni yote ikamgeukia Tabitha. Mke wa ofisa mmoja alikuwa amenyoosha mkono wake wenye bangili, anasubiri utepe. Rogath alikuwa hatua chache tu, anaongea na simu. Jina la kaka yake lilipanda, likafika kwenye meno. Likakaa hapo. Tabitha akainamisha macho, akamfunga yule mke wa ofisa utepe, akaunyoosha vizuri usimkate ngozi.

Felisian akachukua ule ukimya kuwa jibu.

"Mama, usitusumbue bwana. Kaa upande."

Mama hakubisha. Alijifunga upya kitenge kiunoni, kwa nguvu, kama anavyofanya akitaka kwenda kuni.

"Haya wanangu," akasema. "Kazi njema."

Akateremka kwa njia ya nyuma ya wavu. Tabitha aliona kilemba chake kikipungua, kikipungua, mpaka karibu na kalavati.

Mbio zilitangulia kusikika kwa ving'ora. Kisha zikaja pikipiki, kisha gari lenye mabango. Na wakatokea wawili tu, wameliacha kundi mbali: mwenye ndevu nyekundu, na nyuma yake Eusebio.

Tabitha alimjua kwa mabega kabla ya uso. Yalikuwa yanacheza. Yakicheza hivyo, mguu umekwisha. Alikuwa hajafika hata nusu ya mlima na yule Mzungu alishaanza kumwacha. Waliokaa kwenye viti walipiga makofi wakiwa wamekaa. Huko nyuma ya wavu watu waliita jina lake, wakifuata sauti ya baiskeli tu, maana hawakuona kitu.

Hapo karibu na kalavati wavu ulivimba chini, kama gunia linaloingiwa na panya. Ukanyanyuka. Mama akatoka kwa magoti, kilemba kimeanguka, majani kichwani. Hakupiga kelele. Hakutazama huku wala huku. Alisikia mtu anapanda Shuka na mzigo umemzidi, basi. Akafika nyuma ya baiskeli na kuweka kiganja pale chini ya kiuno, akasukuma. Alikimbia naye kwa miguu mitupu kwenye lami ya moto, mdomo umefumba, mpaka mabega ya Eusebio yakatulia. Kisha akasimama, mikono kwenye magoti.

Eusebio hakugeuka. Mkono ule haukuhitaji kutazamwa. Alinyanyua wake wa kushoto, juu, vizuri, kama inavyotakiwa, akainama tena akaanza kumfuata mwenzake.

Mwamuzi aliyekuwa kwenye pikipiki nyuma yake aliuona ule mkono. Akazungumza kitu kwenye redio ya begani.

Walinzi walimshika mama na kumrudisha nyuma ya wavu. Hawakumtendea vibaya. Yeye alikuwa anacheka.

Matokeo yaliwafikia kwa redio ya mkononi ya Rogath. Eusebio amekuwa wa kwanza Ruangwa. Felisian akapiga mluzi, akasema huyu kijana wa huku kumbe moto. Redio ikaendelea. Rogath akaisogeza sikioni, akatikisa kichwa, akaizima.

"Wamemfuta."

"Kwa nini, bosi?"

"Si yule bibi aliyemsukuma. Angesukumwa tu wangemsamehe, mashabiki hawana adabu popote. Lakini yeye akanyanyua mkono. Anamshukuru mtu. Wanasema ni ishara, walipanga. Ukiomba msaada na ukaupokea, umekwisha. Na timu yake imeshasema haimtaki tena, wanaogopa jina baya."

Hapa hatushukuru, Tabitha akawaza. Mkono ule si wa kushukuru. Ule ni wa kusema nimefika, rudi. Kila mtu mlimani angeweza kumweleza mwamuzi hilo, hata mtoto. Alifungua mdomo.

"Unasemaje, sista?" Rogath akamuuliza.

"Hamna, bosi."

"Na angalia aliyemharibia ni nani. Mtu ambaye hakulipa. Halafu mtu anakuuliza uzio wa nini."

Wakaanza kukunja. Wavu ulishushwa na kuviringishwa, viti vikapandishwa kwenye lori, nyumba zikatokea tena moja moja kando ya barabara, kuku wakavuka. Nguzo ziling'olewa pia. Zilibaki mbili tu za geti na kamba yake katikati, kwa sababu Felisian alikuwa amezitundikia koti lake na hakutaka kuliweka chini.

Mama akaja akipanda mlima, simu ameinyoosha mbele kama sahani ya moto. Simu yake haikusikika mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo kila aliyekuwepo aliisikia.

"Huyu hapa, nataka dada yako naye asikie," mama alikuwa anamwambia Eusebio. "Enhe. Nilikuuliza, uliusikia mkono wangu?"

Ndani ya simu, kwa mbali, kulikuwa na ngoma na watu wanashangilia.

"Niliusikia, mama."

"Nilijua tu. Nikasema huyu bado anacheza mabega, hao Wazungu hawakumfundisha kitu. Na mwisho? Wamekupa nini huko?"

"Wamenipa mapumziko, mama. Nakuja nyumbani."

"Siku nyingi?"

"Nyingi."

"Njoo, baba. Njoo upumzike. Baiskeli nimeipaka mafuta, utaitumia kutembelea."

Simu ikakata. Mama akaifuta kwa kitenge, akaitia kifuani. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa lami, na damu ilikuwa imekauka pembeni. Alikuwa amefika mbele ya kamba.

Kulia kwake pako wazi. Kushoto kwake pako wazi. Mbuzi wa Mzee Abdalah alipita katikati ya mashimo, akaenda zake. Mama alisimama palepale mbele ya kamba, mikono ameishika mbele, anasubiri. Furaha haikumtoka usoni, lakini alimtazama Felisian, hakumtazama Tabitha.

"Mama, si upite tu," Felisian akasema. "Pameisha hapa. Pita popote."

Mama hakusogea.

Rogath aligeuka kutoka kwenye lori. Waliokuwa wanapakia viti wakaacha, wakaangalia. Tabitha alikuwa bado ana tepe zilizobaki, zimemlowa jasho mkononi. Akaziweka chini. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akainyanyua juu ya kichwa chake, juu kabisa, mtu apite bila kuinama.

"Mpisheni apite," akasema, na sauti yake ilikuwa nene kuliko alivyodhani. "Namfahamu. Ni mama yangu. Ni mama yake Eusebio."