Landrova Iliyokataa Kusimama

Mvua ya mawe ilitukuta juu Uporoto, mimi na mwanangu Masunga, tukiteremka kurudi Uyole. Ilikuwa mwaka 1976, mwezi wa pili. Mvua ya mawe nilikuwa nimeiona tangu utoto wangu Shinyanga, lakini ile ya milimani ilikuwa nyingine. Ilipiga bati la gari mpaka hatusikilizani, na ilipokatika barabara yote ilikuwa nyeupe, kama mtu kamwaga mchele kutoka kileleni hadi bondeni.

"Usiogope, mama," Masunga akasema. "Hii ni Landrova. Naweka fowili."

Akabonyeza kirungu cha njano kilichokuwa karibu na goti lake, akaniangalia kama mtu aliyekwisha kushinda. Na kweli, kilima kilichokuwa mbele yetu tulikipanda bila kuteleza hata kidogo, tairi zote nne zikivuta. Naye akavimba kichwa. Tulipoanza kuteremka upande wa pili akaliachia gari likimbie, na kwenye kona akatokea mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Masunga akakanyaga breki.

Gari halikusimama. Lilipeleka pua kushoto, likajizungusha, likateleza ubavu ubavu mpaka mtaroni. Yule mama hakuguswa, na hilo namshukuru Mungu kabla ya yote. Aliweka kuni zake chini, akachungulia dirishani kwangu, akauliza, "Bibi, mmefika au bado mnaendelea?" Watu wa pale walituvuta kwa kamba. Bampa ilikuwa imepinda, taa moja imevunjika, na viazi vya kituo tulivyofuata kule mlimani vimesambaa kwenye mawe ya barafu.

Gari lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa la kituo cha misheni pale Rujewa, kituo cha wajawazito na watoto wachanga, na Masunga ndiye dereva wake. Mimi siku ile nilipewa lifti tu, nimsalimie binti yangu Mbuke aliyeolewa Uyole. Tulipohama na ng'ombe kutoka Shinyanga kuja Usangu, zaidi ya nusu walikufa njiani na wengine walikufa tulipofika. Kazi ya Masunga ndiyo ilitulisha wote, mimi, mke wake na wajukuu zangu watano. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya kituo.

Katibu wa kituo aliitwa Edmund, mtu mnyoofu, asiyependa maneno mengi. Alizunguka gari mara mbili, akagusa ile bampa.

"Ulikuwa unakimbia."

"Mzee, nilikuwa nimeweka fowili."

"Mwezi uliopita uliingia kwenye jaruba la mpunga, ukasema ni tope. Leo unasema ni mvua ya mawe. Mwezi ujao utasema ni nini, jua?" Akafuta vidole vyake kwa leso. "Gari hili linabeba wajawazito, Masunga. Nenda nalo Iringa, Kihesa, kwa fundi Liberatus. Akiandika kwamba gari ni bovu, utabaki na kazi yako. Akiandika kwamba gari ni zima, ukirudi weka funguo mezani. Na mama yako aende, yeye alikuwemo, aeleze alichokiona."

Ndivyo nilivyopanda Landrova ile mara ya pili. Tulikwenda polepole sana, malori ya Zambia yakitupita na kutupigia honi. Masunga aliendesha mpaka Makambako. Pale akasema, "Mama, mimi sikukosea. Fowili ilikuwa ndani." Nikamjibu, "Najua, baba." Sikujua lolote, lakini mama atasema nini?

Fundi Liberatus tulimkuta nyuma ya nyumba yake, chini ya gari la mtu, miguu tu nje. Nikaisalimia ile miguu, "Kamwene." Miguu ikajibu, "Kamwene, bibi," ndipo akatoka mwenyewe, mfupi, mikono myeusi, macho ya kucheka. Mke wake Severina alituletea uji kabla hatujasema tulichofuata. Mgeni hahojiwi akiwa na njaa, alisema, na hapo hapo nikampenda.

Masunga akaeleza yote. Liberatus alisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa.

"Fowili inavuta," akasema. "Haisimamishi. Kusimama, kila gari linasimama kwa miguu minne, hata kile kigari cha padri. Wewe kupanda mlima uliwashinda wenzako, kushuka mkawa sawa, lakini ulishuka kama mtu aliyewashinda."

Masunga akainamisha kichwa.

"Padri mmoja Mzungu aliniambia kwao barabara zinafunikwa na theluji miezi na miezi. Wenye magari ya fowili ndio wengi mtaroni. Wanapata kiburi. Kwenye utelezi unashuka na gia ndogo, injini ikushike, na breki unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia. Si kukanyaga kama unaua nyoka."

Nikaona ameshahukumu, gari ni zima na kosa ni la mwanangu. Lakini yeye akanigeukia.

"Bibi, lilipoanza kuteleza, pua ilikwenda wapi?"

"Kushoto."

"Na kule kwenye jaruba?"

"Kushoto," Masunga akasema taratibu, kama mtu anayeamka.

"Utelezi hauna upande," akasema Liberatus. "Twende tulione."

Akapima upepo wa tairi, zote sawa. Akaangalia meno yake, yapo. Akatingisha usukani, akalala chini akatazama mabomba ya oili ya breki, makavu, hakuna palipovuja. Kisha akatupeleka kwenye njia ya changarawe nyuma ya nyumba za Kihesa. Akamwagiza Masunga aendeshe, na yeye fundi akinyanyua mkono, akanyage breki kwa nguvu zote.

Gari lilipita, mkono ukapanda, vumbi likaruka. Liberatus hakuliangalia gari. Alichuchumaa akaangalia ardhi, kwanza upande wa kushoto, kati ya tairi la mbele na la nyuma, kisha wa kulia. Akaniita.

"Njoo, bibi, wewe ndiye shahidi. Huku unaona nini?"

Upande wa kushoto udongo ulikuwa umekwaruzwa, laini, kama umepitishwa ubao.

"Na huku?"

Upande wa kulia, kati ya tairi mbili, alama za meno ya tairi zilikuwa zimechapwa vizuri moja moja, kama muhuri.

"Tairi hili la mbele la kulia lilikuwa linaendelea kutembea," akasema. "Wenzake watatu wamesimama, lenyewe linakwenda. Kwenye barabara kavu linavuta kidogo, hutambui. Kwenye mawe ya barafu linakugeuza." Akamtazama Masunga. "Breki za huku ziliwahi kulia?"

"Zililia sana baada ya masika ya mwaka jana. Mwezi uliopita nikafungua, nikasafisha tope, zikanyamaza kabisa. Hata mama ni shahidi, nilimwonyesha."

Jeki ikapanda, tairi likatoka, Liberatus akagonga ile ngoma ya breki mpaka ikaachia. Ndani kulikuwa kweusi na kunang'aa. Akagusa kwa kidole, akanusa. Akanusa tena. Akamwita mke wake.

"Severina, hebu njoo. Pua yangu leo imeharibika."

Severina akanusa. "Nyama choma," akasema.

"Si oili ya breki, si oili ya difu. Nimefungua magari tangu ujana wangu, hii sijaiona. Gari hili lina ng'ombe ndani!"

Masunga alikuwa anatazama ile ngoma kama anatazama kaburi. Nami nikasimama, maana hakuna mtu mwingine wa kusimama.

"Ni mimi," nikasema.

Nikawaeleza. Siku ile nilimpelekea Masunga ugali pale kituoni. Nikakuta tairi limetolewa, chuma kiko wazi, yeye hayupo, ameitwa ofisini. Wiki nzima nilikuwa nasikia gari likilia kila linaposimama, kilio kile kile cha mkokoteni wa baba yangu. Mkokoteni wa ng'ombe ukilia, kwetu, ni aibu ya mwenye nyumba: watu husema hana hata mafuta. Baba alikuwa anapaka mafuta ya ng'ombe kwenye ekseli, unanyamaza, ng'ombe wanavuta kwa raha. Na mimi mkobani nilikuwa na kibuyu changu cha mafuta. Nikaona vile vyuma viwili vilivyopinda kama kwato, vikavu kabisa, nikavihurumia. Nikavipaka vizuri, ndani na nje. Kwa upendo kabisa. Masunga aliporudi alirudishia ngoma bila kuangalia, akaendesha, kimya. Akaniambia, "Umeona mama, nimeiponya." Nikacheka moyoni, nikamwachia sifa zake.

Kisha Liberatus akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wasukuma! Sisi tunapaka mafuta kiazi, ninyi mnapaka breki!"

"Na ninyi Wahehe mnamcheka mgeni kabla hajanawa mikono," nikamjibu, lakini machozi yalikuwa karibu.

"Mama," Masunga akasema. "Mama, mama, mama." Basi, hakuongeza. Mpaka leo namshukuru kwa neno hilo moja alilolirudia badala ya mengine aliyokuwa na haki nayo.

Fundi akaacha kucheka, akanieleza kwa upole, kama mwalimu wa chekechea. Ekseli inataka kuteleza. Breki inataka kushika. Vile vyuma viwili, ambavyo mafundi huviita viatu, hutanuka vikaisugua ngoma, na kusugua huko ndiko kusimama kwenyewe. "Ukipaka mafuta pale, bibi, umempaka mafuta mtu mikononi halafu unamwambia ashike kambare."

Tatizo ni kwamba mafuta yalikuwa yameshaingia ndani ya bamba la kusugulia la viatu vile, kuosha kwa petroli hakutoshi. Vilitakiwa vingine, tena pande zote mbili, maana kimoja kipya na kimoja kikuukuu vitavuta tena upande mmoja. Na vipuri miaka ile mnakumbuka wenyewe. Liberatus alituma kwa wenzake wote mjini, jibu likawa moja, hakuna. Bila viatu gari halirudi Rujewa, na Masunga hana la kumwambia Edmund.

Kwenye pembe ya ua ilikuwepo Landrova nyingine, ya Liberatus mwenyewe, imesimama juu ya matofali. Alikuwa anaikusanya kidogo kidogo, kipuri hiki mwaka huu, kile mwaka ujao. Nilimwona anaitazama, anageuka, anaitazama tena.

"Unangoja nini?" Severina akamwambia. "Ile haina hata injini. Breki za kusimamishia nini, matofali?"

Liberatus akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kamba. Viatu vinne vipya, vya mbele kulia na kushoto, alivyokuwa amevitunza zaidi ya mwaka. Alivifunga mwenyewe, taratibu, anapitisha msasa, anapangusa, anapima. Tulipokwenda tena kwenye changarawe, pande zote mbili udongo ulikwaruzwa sawasawa, na pua ya gari ilitazama mbele kama ng'ombe aliyefunzwa.

Ikabaki barua. Liberatus akachukua kalamu. Masunga akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu hayajazeeka.

"Fundi, andika tu oili ilivuja. Gari lilikuwa bovu, si uongo. Ukiandika mafuta ya ng'ombe, mzee Edmund atasema mama wa dereva ndiye ameliharibu, na sote tutatoka."

Liberatus akainua macho kutoka kwenye karatasi. Alinitazama mimi.

Niliogopa, sitaficha. Niliona wajukuu zangu na vyungu vyao njiani. Lakini mtu huyu amevua gari lake akalivisha letu. Nimwombe tena atie jina lake chini ya uongo?

"Andika mafuta ya ng'ombe," nikasema. "Na aliyepaka andika, Nyamizi, mama yake Masunga."

Aliandika hivyo. Na chini akaongeza mstari mmoja, kwamba dereva amefundishwa kushuka kwenye utelezi na ameelewa.

Kesho yake Edmund aliisoma barua akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa.

"Na wewe ulikuwa wapi mama yako akipaka?" akamuuliza Masunga.

"Ofisini, mzee. Uliagiza niitwe, nisaini daftari la safari."

"Ukaacha tairi wazi."

"Niliacha."

"Na ukafunga bila kuangalia."

"Nilifunga, mzee."

Edmund alikunja barua. "Na mimi nilikuita, nikijua uko kazini chini ya gari," akasema, kama anazungumza na barua. Kisha akanigeukia. "Bibi, ungeweza kunyamaza. Nisingejua maisha yangu yote."

"Fundi angejua," nikasema.

Hapo akatabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Funguo zilikuwa mezani, Masunga alikuwa ameshaziweka mwenyewe, akidhani ndiyo mwisho. Edmund akazisukuma kwa kidole mpaka zikafika ukingo wa upande wetu.

"Kuna mama kule Chimala anasubiri tangu asubuhi, uchungu umeanza," akasema. "Nenda. Na bibi asikaribie tairi langu lolote, hata la baiskeli."

Masunga alizichukua, akatoka mbio, halafu mlangoni akakumbuka, akaanza kutembea. Nami nikabaki mbele ya meza ile nikishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, kwa Edmund aliyekuwepo na kwa wale wawili wa Kihesa wasionisikia, mpaka Edmund akaniletea kiti.