Antena ya Mama Irine

"Kila padri akiinua hostia, kebo yako inakufa! Ikate uende..."

"Nikate? Mama Irine, kesho utanipigia simu..."

"Nikupigie wewe? Kata!"

Wiliam, fundi wa kebo hapo Bonga, akakata. Kisha akaketi, asubiri Bernadina, Mama Irine mwenyewe, aumbuke mbele ya bibi wanne wasioweza kutembea mpaka kanisani, ambao kila Jumapili husali kwenye tivii yake.

Bernadina akatoka nje, akazungusha mlingoti aliofungia ringi ya baiskeli iwe antena. Chenga tupu kwenye tivii. Akauelekeza kwenye Mlima Kwaraa. Picha ikaja, safi!

Misa ikafika pale penyewe. Padri akainua hostia, bibi wakakodoa macho. Picha haikufa! Vigelegele vikasikika mpaka barabarani.

Wiliam akamsogelea, akanong'ona, "Mama Irine, nifungie na mimi. Hata kwangu huwa inakufa hapohapo."