Mpishi wa Ng'ambo ya Zohali

Mimi sina ugomvi na mtu anayependa tamthilia. Kila mtu na lake. Lakini mtu akuambie Jumapili yake nzima, tangu jua liko utosini mpaka linaanza kuzama, ataimaliza akibishania mlango wa chumba cha injini, kwenye chombo ambacho hakipo, kinachokwenda sayari ambayo haipo, kama mlango huo unasukumwa au unavutwa. Jamani, si utachoka? Mimi nimechoka. Nilianza kuchoka tangu siku za uchumba.

Tamthilia yenyewe inaitwa Ng'ambo ya Zohali. Ilianza mke wangu akiwa msichana, televisheni bado hazina rangi, na mpaka leo haijaisha. Waigizaji wamezeeka, wengine wametangulia mbele ya haki, wamewekwa wapya, hadithi ikarudiwa kuanzia mwanzo, ikatengenezewa filamu, ikaendelezwa tena. Na kila ikipita mikononi mwa watu wengine kuna kitu kinaharibika. Kamanda ana kovu shavu la kushoto, ukija msimu mwingine kovu limehamia la kulia bila kuaga. Hapo ndipo wapenzi wake wanapopata kazi.

Wanakutana saluni kwa Kinyozi, akishafunga shughuli zake. Wako wanne. Kuna Kinyozi mwenyewe, mwanamume mpana ambaye hawezi kuongea bila mashine ya kunyolea mkononi, hata kama hakuna kichwa mbele yake. Kuna Mwalimu, anafundisha hesabu sekondari, na kila sentensi yake inaanza na "lakini". Kuna dada mwenye famasia, mpole kweli akikuuzia dawa ya kikohozi, ila mguse Kamanda wake uone. Na kuna mke wangu, fundi cherehani, ambaye mle ndani wanamwita Jaji. Jina kubwa, lakini hukumu zake hakuna hata mmoja aliyewahi kuzitii.

Maana mle ndani hakuna anayekubali kushindwa. Ndiyo desturi yao. Mwalimu na dada wa famasia walikuwa katikati ya ugomvi wa ule mlango wa injini wakati dada alipofiwa na baba yake mkubwa. Tukaenda kuzika. Tunatoka makaburini, nikamsikia Mwalimu ananong'ona, "Lakini bawaba ziko upande wa ndani." Nilitaka ardhi inimeze. Dada wa watu, machozi bado yako mashavuni, akamgeukia, "Bawaba gani? Wewe uliziona wapi?" Wakaendelea hivyo mpaka barabarani, na nikaona uso wake umepata nafuu kidogo. Sikuelewa, nikaacha.

Mimi natengeneza majokofu. Mwili mzima unaniuma ikifika Jumapili. Nakaa kiti cha karibu na mlango, nasinzia, nikisubiri kumrudisha mke wangu nyumbani. Wananiita Shemeji, wananipa chai, hawaniulizi chochote kuhusu Zohali, na mimi nashukuru.

Sasa, tangu mvua za mwaka huu, mke wangu akaanza kubadilika. Alimpima mteja kiuno, akaandika, wakapiga soga, kisha akachukua futi na kumwambia, "Haya simama nikupime." Akashona shati la shule lenye mikono miwili ya kushoto, akaninyooshea, "Hebu tazama, kuna nini hapa? Naona kama kuna kitu." Funguo za nyumba nikazikuta ndani ya kopo la sukari. Akauliza nani kaziweka. Nikasema labda ni mimi. Akanicheka, "Unazeeka wewe mzee!" Nikacheka naye.

Sikumwambia. Niliogopa, basi. Nilijua siku atakayojua atavunjika, na saluni ndiyo ilikuwa mahali pa mwisho alipokuwa bado hashindwi na mtu. Kwenye Ng'ambo ya Zohali kichwa chake kilikuwa bado kinakata kama wembe. Nikajiambia, nyumbani nitafukia mashimo mwenyewe, ilimradi Jumapili yake isiguswe.

Ikaguswa.

Siku hiyo Mwalimu alikuwa ameanzisha la Mpishi. Huyu Mpishi ni wa kwenye chombo chao. Moto uliposhika jikoni, alijifungia ndani akafunga bomba la gesi, wenzake wakapona, yeye akaungua. Hata mimi nalijua hilo, mimi ninayesinzia. Usiku alipokufa, mke wangu alilia akagoma kuwasha jiko, akasema huwezi kupika siku kama hiyo. Nikalala na njaa kwa ajili ya mtu wa kwenye televisheni.

"Lakini tangu Mpishi afe," Mwalimu akasema, "hakuna mtu anayeonekana akila ndani ya chombo kile. Wanaishi kwa hewa?"

Mke wangu akamkodolea macho. "Kwani Mpishi amekufa?"

Wakaangua kicheko. "Jaji leo ana utani," Kinyozi akasema.

"Sina utani na mtu. Mpishi alishuka kwenye sayari ya barafu, akabaki kule na wale watoto. Nani amewaambia amekufa?"

Kinyozi akaiweka mashine mezani. Sijawahi kumwona akiiweka. Kisha wakamvamia kama kawaida yao, wote kwa mpigo, na yeye akawajibu kwa mpigo, mpaka Mwalimu akatoa simu akamwonyesha. Moto, mlango, Mpishi anapiga kioo kwa kiganja.

"Hiyo ni ya marudio," mke wangu akasema. "Ya kwanza haikuwa hivyo."

"Lakini Jaji, hii ndiyo ya kwanza. Tazama, haina rangi."

Akaitazama ile picha isiyo na rangi. Akaitazama tena. Macho yalikuwa yanatangatanga, yanatafuta pa kushika. Kisha akachukua mkoba wake. "Mzee, twende nyumbani."

Njia nzima alinung'unika, "Hawa watu wamechezea picha. Siku hizi wanachezea kila kitu." Na mimi nikasema, "Eee, siku hizi bwana."

Wiki iliyofuata niliwazungukia wote watatu. Kwa Kinyozi nilikaa kitini kama mteja, nikamweleza kupitia kwenye kioo kwa sababu kumtazama usoni nilishindwa. Nikamwambia mke wangu anasahau, nikamwomba akizungumzia tena Mpishi, wamkubalie.

"Nikubali?" akauliza, kama nimemwambia avue suruali barabarani. "Shemeji, Mpishi alikufa."

"Najua amekufa!" Nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa anasubiri akainua uso. "Amekufa, nilimzika na njaa yangu. Nakuomba tu, mara hii moja."

Akakubali. Dada wa famasia aliniuliza kama nimempeleka hospitali, nikasema nitampeleka, akaniangalia vile wanavyomwangalia mtu anayenunua dawa bila cheti, lakini naye akakubali. Mwalimu ndiye aliyenisumbua. "Lakini Shemeji, yeye mwenyewe anajua?"

"Bado."

"Lakini si ungeanza na yeye?"

"Wewe nisaidie kwanza, ushauri utanipa siku nyingine." Nilikuwa nimechoka, sikutaka kufundishwa. Akatikisa kichwa, akasema sawa.

Jumapili ikafika. Mke wangu alikuwa amejiandaa wiki nzima, anakanyaga cherehani huku midomo inacheza, anajijibu, anajipinga, anacheka peke yake. Alivaa gauni lake zuri la kola. "Leo watanitambua," akaniambia tukiwa njiani, na alikuwa anatembea haraka kuliko mimi. Nikamfurahia. Nikajiambia moyoni, afadhali, umefanya vizuri.

Akawakalisha. Akaeleza hoja yake kwa mpango, sayari ya barafu, wale watoto, koti alilopewa Mpishi, maneno aliyomwambia Kamanda wakati wa kuagana. Alivyoeleza, hata mimi nilianza kumwona Mpishi kwenye barafu. Alipomaliza akafunga mikono kifuani, akainua kidevu, akawasubiri.

Kinyozi akakohoa.

"Jaji, umeshinda," akasema. "Ni kweli. Alishuka."

"Hata mimi nimekumbuka," akasema dada wa famasia, upole wote wa dukani uko kwenye sauti. "Na wale watoto."

Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilikosea," akasema.

Mke wangu akangoja. "Halafu?"

"Halafu nini, Jaji?"

"Ile 'lakini' yako iko wapi?"

"Leo sina lakini."

Nilimwona anavyopokea lile neno. Mikono ikashuka kutoka kifuani. Akamtazama Kinyozi, Kinyozi akageuza macho. Akamtazama dada wa famasia, dada akaanza kupekua pochi yake kama kuna kitu kimepotea. Mwalimu hakuinua kichwa kabisa. Watu hawa hawajawahi kukubaliana hata kama mvua inanyesha wakiwa wameloa. Ndipo akageukia mlangoni, kwenye kiti changu.

"Na wewe," akaniambia, "mbona leo husinzii?"

Nikainuka, nikamfungulia mlango.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Aliingia moja kwa moja chumba cha cherehani, akakaa kwenye kiti chake cha kazi, akanionyesha kile cha wateja. Nikakaa.

"Kinyozi anajua," akasema. "Mwalimu anajua. Yule binti wa famasia anajua. Mtaa mzima unajua. Mimi ndiye wa mwisho kupewa habari zangu mwenyewe."

"Nilitaka usiumie, mke wangu."

"Unamkumbuka mama yangu mwishoni?" Sauti haikuwa ya hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Alikuwa akisema mchana ni usiku, tunasema ndiyo mama. Anasema baba anarudi kesho, na baba tumemzika, tunasema ndiyo mama, anarudi. Tulidhani ni heshima. Siku moja alinishika mkono akaniambia, humu ndani hakuna mtu wa kuongea naye. Nikamwambia, ndiyo mama."

Nje mtu alikuwa anapiga honi, anapiga tu.

"Mpishi alikufa?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sijui, mimi huwa nasinzia. Ndivyo nilivyokuwa nimesema miaka yote.

"Alikufa," nikasema. "Aliungua jikoni. Ulilia ukagoma kupika."

"Uongo."

"Si uongo."

"Mimi nasema alishuka sayari ya barafu!" Alipiga meza, mkasi ukaruka. "Kwa macho yangu nilimwona!"

"Hukumwona. Hakuna sayari ya barafu. Sijui umeitoa wapi."

Alinitazama kwa ukali mpaka nikaogopa. Kisha akavuta kiti chake kikasogea karibu na changu, magoti yetu yakagusana. "Haya," akasema. "Na mengine. Yote. Usiache kitu."

Nikaanza. Nikamwambia kuhusu yule mteja na futi. Akasema nimetia chumvi. Nikasema sijatia. Nikamwambia shati la mikono miwili ya kushoto, akasema kitambaa kilikuwa kibovu, nikasema kitambaa kilikuwa kizima. Nikamwambia siku aliyoniita kwa jina la kaka yake, akasema sikusikia vizuri, nikasema nilisikia. Kwenye funguo alinibishia kwamba ni mimi niliyeziweka, mpaka akalia, na mimi nikalia, na bado sikumkubalia.