Wiki Tatu Juu ya Mlango

Mlango wenyewe ulikuwa wa chumba cha Shamsia, binti yangu. Jirani yangu Dotto ndiye aliyeung'oa kwenye bawaba, akaulaza sakafuni, akasema mgongo ukiharibika dawa yake ni ubao mgumu. Nililala juu ya mlango huo wiki tatu, chali, natazama bati. Misumari ya bati lile naijua yote. Iko arobaini na mmoja, na mmoja umepinda.

Mambo yalianzia shambani. Hapa Masaki yetu ya Kisarawe msimu wa korosho ni msimu wa kuinama. Korosho tunaziokota chini, na ukichelewa mvua ikazikuta zinaharibika. Siku hiyo niliinama tangu asubuhi. Saa nne nikanyanyuka na ndoo, nikasikia kitu kimeachia kiunoni. Hakikuuma sana. Balaa lilikuja kesho yake. Moto ulianzia kwenye tako la kushoto, ukashuka nyuma ya paja, ukapita pembeni ya mguu, ukaishia kwenye kidole gumba. Nikikohoa, moto. Nikivaa suruali, moto. Na kukaa ndiyo kulinishinda kabisa. Dakika mbili za kukaa zilitosha kunitoa jasho la kwapa.

Nilitafuta nafuu kila mahali. Mzee mmoja wa Vihingo alinichua kwa mafuta ya nazi, halafu akapanda mgongoni kwangu akanikanyaga kwa visigino. Nilitoka kwake natambaa. Nikanywa mizizi, kwa sababu kwetu mwanaume akilalamika kiuno watu wanasema ngiri. Mizizi iliniharisha, na kwenda chooni ndiyo ilikuwa safari ngumu kuliko zote.

Dotto ni Msukuma, sisi ni Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wangu na sina haki ya kumkasirikia.

"Mama Shamsia!" alikuwa anaita akiwa bado njiani, majirani wote wasikie. "Funga virago urudi kwenu! Kiuno cha Mzaramo kimekwisha, humo ndani hamna mume tena!"

"Kimekwisha cha kwako," mke wangu Mwanajuma alikuwa anamjibu. "Cha huyu kimelala tu."

Na mimi nimelala, nasikia yote, siwezi hata kumtupia kandambili.

Ningevumilia kama isingekuwa ndoa. Shamsia ni mtoto wangu wa pekee, na tangu akiwa na miaka saba alikaa kwa kaka yangu Abdulkadiri, Kisarawe mjini, kwa sababu shule ilikuwa karibu na kwake. Kaka ndiye aliyemnunulia sare. Kaka ndiye aliyempeleka hospitali akiugua. Kwenye mikutano ya wazazi alisimama kaka. Mimi nilipeleka mihogo. Hata posa ya Ashrafu, kijana wa Mlandizi, ilifika kwa kaka kwanza, halafu ndipo mimi nikapigiwa simu.

Nilibakiwa na kitu kimoja. Siku ya ndoa baba anakaa mkekani goti kwa goti na bwana harusi, anamshika mkono, anasema nimekuozesha binti yangu. Akishindwa anawakilisha mtu mwingine. Inaruhusiwa. Na huyo mtu mwingine alikuwa ameshaanza kupiga simu.

"Yahya, pole. Unaendeleaje?"

"Najiweza, kaka."

"Mkeo anasema hata chooni unashikiliwa."

Nikamtazama Mwanajuma. Akainamia sufuria yake.

"Usijitese, mdogo wangu. Nipe uwakilishi, mimi nitamuoza. Wewe lala tu."

"Bado siku kumi na tatu."

"Haya. Lakini sheikh anataka jina mapema."

Wewe lala tu. Maneno hayo yalinikaa kifuani kuliko ule mlango ulivyonikaa mgongoni.

Shemeji yangu Sikuzani anaishi Kibaha. Yeye ndiye aliyesema kuna hospitali kule ina mtu wa mazoezi ya viungo. Dotto ana kirikuu, kigari kidogo cha kubebea mihogo, akanilaza nyuma juu ya magunia matupu. Kila shimo la barabara nililisalimia kwa jina la mama yangu.

Mtu wa viungo aliitwa Stellamaris, dada mfupi mwenye mikono migumu kama ya fundi seremala. Alininyanyua mguu mmoja, akaninyanyua wa pili, akaniambia nisimamie visigino, nisimamie vidole.

"Mkojo unaushika, baba?"

"Maswali gani hayo?"

"Jibu. Mkojo na choo unavishika? Huku katikati ya mapaja pana ganzi?"

"Nashika. Ganzi hakuna."

"Mshukuru Mungu. Ungesema hushiki, leo usingerudi nyumbani."

Akanieleza. Katikati ya pingili za mgongo kuna vitu laini kama mito midogo. Mmoja umechomoza nyuma, unaukandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mpaka mguuni. Ndiyo maana niliumia kiunoni nikaungua kidoleni.

"Siyo ngiri," alisema. "Na wengi wanapona bila kisu. Ila siyo kwa kulala chali kutwa. Huo mlango urudishe kwenye bawaba zake. Tembea kidogo kidogo. Sasa geuka, lala kifudifudi."

Nikabaki vilevile.

Mwalimu Mwinshehe alitufundisha Kurani pale chuoni Kurui, na alikuwa na fimbo ya mpera. Mtoto akijilaza kwa tumbo, fimbo ilimfikia kabla ya sauti. "Inuka! Huo ni ulalaji wa watu wa motoni!" Tangu nikiwa na miaka minane sijalalia tumbo. Hata nikiumwa tumbo lenyewe nalala ubavu. Shule niliacha darasa la tano, na ya kule mengi nimesahau, lakini ya chuoni yalinikaa. Sasa hayo namwelezaje dada mwenye msalaba shingoni, aniache bila kunicheka?

"Tumbo limejaa gesi," nikasema.

Akachukua karatasi akachora mtu amelala kifudifudi, halafu mtu yuleyule amejiinua kwa viwiko.

"Basi fanya nyumbani. Dakika kumi, mara sita kwa siku. Maumivu yakipanda kutoka mguuni yakarudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi, ujue yanatoka. Yakizidi kushuka, acha, rudi unione. Umeelewa au unaniitikia tu?"

"Nimeelewa."

Nilikuwa namwitikia tu. Nilifika nyumbani, nikaiweka karatasi chini ya mlango, nikalala juu yake. Chali.

Siku zikawa zinapita huku wanawake wanachambua mchele uani. Nikawa nasikia jinsi ndoa ya mwanangu inavyokwenda bila mimi: nani ataleta masufuria, nani atapika, turubai litafungwa wapi. Mtu akitaka kuniuliza kitu anasimama kizingitini, anaangalia chini, anasema "aa, basi," anaondoka kwenda kumpigia kaka.

Shamsia alikuja zikiwa zimebaki siku nane. Alikuta chumba chake hakina mlango, akatundika kanga. Halafu akaja akachuchumaa karibu na kichwa changu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Baba yako mkubwa anasemaje?"

"Anasema ataniozesha yeye."

"Na wewe?"

"Mimi nasema upone."

"Hilo siyo jibu."

Kwa ukali wa maneno amenirithi mimi, kaka hana maneno kama yale.

"Sheikh ataniuliza nani ananioza," alisema. "Nataka nimtajie wewe. Lakini nitamtajaje mtu aliyelala juu ya mlango wangu? Kama unaweza, inuka. Kama huwezi, mwambie baba mkubwa ndiyo, tujue moja."

Kesho yake wote walikwenda shambani kuwahi korosho. Baada ya adhana ya adhuhuri haja ikanibana. Nikajivuta mpaka mlango wa uani, nikashika kopo la maji, nikapiga hatua nne. Ya tano mguu wa kushoto haukuwepo. Nikaenda chini kwa magoti, halafu kwa tumbo, uso ukaingia kwenye mchanga. Kopo likabingirika likamwaga maji yote. Haja nayo ilijimalizia palepale.

Nilijaribu kugeuka, nikashindwa. Nilijaribu kujiinua kwa mikono, kifua kikanyanyuka kidogo, kikarudi. Niliita. Kuku walikuja. Jua liko utosini, nguo imelowa, mchanga mdomoni, na mimi nimelala ulalaji ambao Mwalimu Mwinshehe angenitandika mpaka fimbo ivunjike. Nikajisemea, Yahya, umekwisha. Si ajabu walikuona mtu wa kupeleka mihogo.

Sijui ulipita muda gani. Najua kivuli cha nyumba kilinifikia miguuni, na kilipofika nikakihisi. Nilihisi ubaridi kwenye kidole gumba. Mwezi mzima kidole kile kilikuwa kaa la moto, sasa kilikuwa kidole. Nikajiinua tena kwa viwiko, nikakaa hivyo, nikashuka. Moto ulikuwa kwenye shavu la mguu. Nikainuka, nikashuka. Ukawa nyuma ya goti. Kiuno kilikuwa kinapasuka, lakini mguu ulikuwa unaachiwa, kama mtu anavuta kamba na kuikunja.

Mwanajuma aliporudi na ndoo yake alipiga yowe lililosikika mpaka kwa Dotto.

"Amekufa! Mume wangu amekufa!"

"Sijafa. Usiniinue."

"Nisikuinue?"

"Niache hapahapa. Kailete karatasi iko chini ya mlango."

Kuhusu Mwalimu Mwinshehe nilijijibu mwenyewe palepale chini. Alitukataza usingizi ule. Mimi nilikuwa macho. Sijawahi kuwa macho kama mchana ule.

Siku sita nililalia tumbo mara sita kwa siku kwenye mkeka, nikijiinua kwa viwiko. Nikatembea mpaka kwenye mkorosho wa kwanza, kesho yake mpaka wa tatu. Kusimama nikaweza nusu saa. Kukaa hakukutaka. Dakika tano, na ya sita moto unashuka. Nikapiga hesabu kwamba kushika mkono na kusema ni dakika mbili. Nikampigia kaka.

"Namuoza mwenyewe."

"Yahya, usije ukatuaibisha mbele ya watu wa Mlandizi."

"Mpe sheikh jina langu."

Jumapili ya ndoa wageni walitakiwa saa nne. Walifika saa sita. Muda wote nilisimama nimeshika mhimili wa turubai, nikitabasamu kama mtu mwenye jino bovu. Walipofika nilikuwa nimeshatumia kusimama kwangu kote. Nikashuka mkekani, goti kwa goti na Ashrafu, kanzu yake inanukia udi. Kaka akakaa kulia kwangu, karibu kuliko ilivyohitajika. Dotto alikaa nyuma kabisa.

Sheikh alikuwa tayari ameshakwenda ndani kumuuliza bibi harusi. Nilidhani tutakwenda moja kwa moja kwenye kushikana mikono. Akafungua hotuba. Akasema kuhusu haki za mke. Dakika ya nne. Akasema kuhusu haki za mume. Dakika ya saba moto ulikuwa kwenye goti. Akarudi kwenye haki za mke, kuna moja alikuwa ameisahau. Ulipofika kidoleni jasho lilikuwa linadondoka kwenye mkeka na Ashrafu anaangalia matone yake.

"Mzazi, mshike mkono kijana," sheikh akasema mwishoni.

Nikamshika. Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

"Nime..."

Watu wote wananitazama.

"Toa uwakilishi," kaka akaninong'oneza. "Neno moja tu, Yahya. Inatosha." Na mkono wake ulikuwa umeshanyooka juu ya mkono wangu, unasubiri niachie.

Sikuachia. Nilijigeuza ubavu, nikajirusha kwa tumbo palepale mbele ya wazee wa Mlandizi na kofia zao, viwiko kwenye mkeka, mkono wa Ashrafu bado mkononi mwangu. Kijana akavutwa, akapiga magoti.

"Jamani, Mzaramo anapiga mbizi!" Dotto akapaza sauti. "Mtafutieni maji!"

Turubai zima likacheka. Sheikh hakucheka. Aliinama akanitazama usoni.

"Mzee, umezimia?"

"Niko macho, sheikh. Ni mgongo."

"Akili unayo?"

"Yote."

"Basi sema. Watu wana njaa."

Ashrafu aliangalia kanzu yake nyeupe, akaangalia mkeka, halafu naye akalala chini, paji lake la uso karibu na langu. Pale ndipo nilipompenda yule kijana.

"Ashrafu bin Said, nimekuozesha binti yangu Shamsia kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa."

Kaka aliurudisha mkono wake, akauweka mapajani, akaufunika kwa ule mwingine. Hakuniangalia mpaka pilau ilipogawiwa.

Nilibaki mkekani. Sikuweza kuinuka. Watu walikula wakinizunguka, miguu yao inapita karibu na masikio yangu. Shamsia akatoka ndani na mapambo yake yote, akachuchumaa, akaniwekea sahani ya pilau mbele ya pua.

"Baba, wanataka kukunja mkeka."

"Wakunje ule mwingine."

"Mpaka saa ngapi?"

"Sijui. Sheikh alipokuuliza, ulimtaja nani?"

"Yahya Mwinyimadi," alisema. "Nikamwambia aandike haraka kabla hujaanguka."

Akaninyooshea kofia yangu, akaenda kupanda gari la watu wa Mlandizi. Sikuweza kugeuza shingo kuliangalia likiondoka. Nikajiinua kwa viwiko, nikashuka. Moto ulikuwa umepanda mpaka kwenye shavu la mguu. Nikajiinua tena.